Amigo: Neno Likakaribishwa, Mwenyewe Akaachwa Mlangoni

Hotuba iliyotolewa Houston, Texas, mbele ya wasemaji wa Kiswahili na majirani zao waliokusanyika kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Kaka na dada mliotoka zamu mkaja moja kwa moja bila hata kupita nyumbani, poleni na kazi. Vijana wetu mliozaliwa huku, hamjambo. Na nyinyi majirani zetu wa Kimexico mlioitikia mwaliko, mnaotafsiriwa na binti yetu pale nyuma, karibuni sana. Hapa ni kwenu.

Nimeombwa niseme kuhusu lugha, kwa kuwa leo ni siku yake. Kila tarehe 7 Julai tunasikia hotuba nzuri za kukisifu Kiswahili: kwamba ni lugha ya Umoja wa Afrika, kwamba UNESCO imekitengea siku yake, kwamba kinafundishwa katika vyuo vikuu vya dunia. Ni kweli na ninajivunia. Lakini mimi leo nataka tuzungumzie neno ambalo si letu, na ambalo wengi wenu mmeitwa nalo leo asubuhi hata kabla hamjavaa glavu za kazi. Neno lenyewe ni amigo.

Mtu akiletwa Texas kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, hulisikia neno hili mapema kuliko jina la mtaa anaokaa. Ghalani anaitwa amigo. Jikoni mwa hoteli, kwenye ujenzi wa nyumba, kwenye viwanda vya nyama kule Amarillo, anaitwa amigo. Wengine hudhani ni Kiingereza. Na si kosa kudhani hivyo, maana limekuwa Kiingereza kweli, limo ndani ya kamusi zao pamoja na maneno yao mengine. Ninachotaka tuulize jioni hii ni hiki: liliingiaje? Na lilipoingia, mwenye neno alikaribishwa naye?

Neno ni la Kihispania, na asili yake ni Kilatini, amicus, jamaa wa kitenzi amare, kupenda. Waitalia husema amico, Wafaransa ami, Wareno husema amigo kama Wahispania. Kiingereza nacho kilikuwa na wajukuu wa amicus tangu zamani, waliopitia Ufaransa, na mmoja wao ni enemy, yaani adui. Kwa Kilatini alikuwa inimicus, asiye rafiki. Kwa hiyo Mwingereza wa kwanza kusema amigo tayari alikuwa na neno adui la ukoo huohuo mdomoni mwake.

Kamusi za Kimarekani zinataja mwaka 1837 kuwa ndio neno hili lilipoonekana kwanza katika maandishi ya Kiingereza. Naomba muushike mwaka huo. Mwaka mmoja tu kabla yake ardhi hii tuliyokaa ilikuwa sehemu ya Mexico, na ilikuwa imetoka kupiganiwa.

Mexico ilipata uhuru wake kutoka Hispania mwaka 1821. Texas ilikuwa na watu wachache, na serikali ikawafungulia mlango walowezi kutoka Marekani. Stephen F. Austin, yule ambaye mji mkuu wa jimbo hili unaitwa kwa jina lake, alileta familia 300 za mwanzo. Walipewa ardhi kubwa kwa masharti mepesi. Wengi wao hawakuja peke yao, walikuja na watumwa. Mwaka 1829 rais wa Mexico, Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alitangaza kwamba utumwa umekwisha. Texas wakapiga kelele mpaka wakaruhusiwa kuendelea nao. Na walipojitenga mwaka 1836, katiba yao ilihalalisha utumwa, kisha ikasema kwamba mtu huru mwenye asili ya Kiafrika haruhusiwi kukaa humu moja kwa moja bila idhini ya Bunge. Nayasema haya kwa sauti kwa sababu wako watu humu ndani wanaoamini kwamba habari za Wamexico na Texas hazituhusu sisi watu weusi. Zinatuhusu. Mtumwa aliyetoroka mashamba ya pamba hapa hakukimbilia kaskazini tu. Wengi walikimbilia kusini, wakavuka mto Rio Grande, wakaingia Mexico, na huko wakawa watu huru.

Sasa nataka niwaonyeshe mtu mmoja, maana tukisema "Wamexico" kwa ujumla hatutamwona mtu yeyote.

Mashariki ya mji huu, mwendo wa gari usiozidi saa moja, kuna mnara mrefu wa mawe wenye nyota juu. Hapo ndipo ilipopiganwa vita ya San Jacinto, tarehe 21 Aprili 1836, kati ya jeshi la Texas chini ya Sam Houston na jeshi la Mexico chini ya Jenerali Santa Anna. Mapigano yenyewe yanasemwa yalichukua dakika 18 tu. Katika jeshi la Houston kulikuwa na kikosi cha watu waliozaliwa hapa Texas, wakisema Kihispania, wanaojiita Tejano. Mkuu wao aliitwa Juan Seguín, mwenyeji wa San Antonio. Houston alitaka kuwaacha nyuma walinde kambi, akihofia kwamba katika vurugu za vita watu wake mwenyewe wangewapiga risasi wakidhani ni askari wa Santa Anna. Seguín alikataa. Alisema watu wake wana madai yao na Santa Anna kuliko mtu mwingine yeyote, nao watapigana. Basi ikaamuliwa kila Tejano achomeke kipande cha karatasi ngumu kwenye mkanda wa kofia yake.

Hebu mwangalie mtu huyo. Yuko katika ardhi aliyozaliwa, bega kwa bega na watu waliohamia juzi, na yeye ndiye anayetakiwa kuvaa alama ili asidhaniwe adui. Ikidondoka karatasi, amekwisha.

Walishinda. Mwaka 1839 mji mmoja mashariki ya San Antonio ulibadilishwa jina ukaitwa Seguin kwa heshima yake, na ndivyo unavyoitwa mpaka leo. Baadaye akawa meya wa San Antonio. Lakini walowezi walikuwa wanaongezeka kila mwaka, wanaitaka ardhi, na Tejano mwenye ardhi alikuwa ameanza kuonekana kizuizi. Mwaka 1842 jeshi la Mexico lilipovamia San Antonio, uvumi ukaenea kwamba Seguín ni msaliti. Alitishiwa maisha. Akajiuzulu umeya, akakimbilia Mexico, nchi aliyopigana nayo vita, na huko hakupokewa kwa mikono miwili. Mji wenye jina lake ukabaki hapa, mwenye jina akawa mkimbizi. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1858 alieleza kwa uchungu jinsi alivyofanywa mgeni katika nchi yake ya kuzaliwa. Alifia Nuevo Laredo, ng'ambo ya mto, mwaka 1890. Mifupa yake ilirudishwa Texas katika miaka ya 1970.

Wahenga wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Seguín alifaa kwa dhiki. Na kumbukeni, ni miaka hiyohiyo, kati ya ushindi wa 1836 na kukimbia kwake 1842, ambapo neno amigo lilikuwa linaingia kwenye kalamu za watu wa Kiingereza. Neno linakaribishwa ndani, mwenyewe anatolewa nje.

Yaliyofuata mnayajua, au watoto wenu wanayasoma shuleni. Marekani iliichukua Texas mwaka 1845, vita vikaanza mwaka uliofuata, na tarehe 2 Februari 1848 ukatiwa saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Mexico ililipwa dola milioni 15 na ikapoteza, ukihesabu na Texas, zaidi ya nusu ya nchi yake: California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico, na vipande vya Colorado na Wyoming. Ndiyo maana majirani zetu wana msemo kwamba wao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Sisi tunaotoka katika nchi zilizokatwa kwa rula na Wazungu tunauelewa msemo huo bila kufafanuliwa. Wako watu humu ambao babu yao aliamka siku moja akaambiwa shamba liko nchi hii na kaburi la baba yake liko nchi ile.

Pamoja na ardhi yalichukuliwa maneno. Yule mchunga ng'ombe wa Kimarekani tunayemwona kwenye sinema, na kofia yake na farasi wake, kazi yake yote alifundishwa na Wamexico. Shamba lake la mifugo ni ranch, kutoka rancho. Kamba yake ni lasso, kutoka lazo, au lariat, kutoka la reata. Farasi wa mwituni, mustang, ni mesteño. Zizi, corral, halikubadilika hata herufi. Hata jela wakaichukua: hoosegow ni juzgado, mahakama, lililosikiwa na sikio la Kiingereza.

Lakini liko neno moja linaloniuma zaidi, nalo ni compadre. Wamarekani walilichukua miaka ileile ya 1830 na kwao likawa na maana ya rafiki tu, mtu wa kunywa naye. Kwa Mmexico compadre si rafiki wa kunywa naye. Ni baba wa ubatizo wa mwanao. Ukimwita mtu compadre, umempa mtoto wako. Ukifa, yeye ana la kujibu kuhusu mtoto huyo. Akiugua, wewe una wajibu kwake. Baina ya wazazi wawili hao kuna heshima ya maneno, kuna mambo hawaambiani ovyo, kama sisi tunavyochunga ulimi mbele ya wakwe. Kiingereza kilichukua sauti ya neno, wajibu kikauacha palepale.

Karne ya 20 ikaja na mambo yake. Mwaka 1942, vita kuu ikiwa imechukua vijana, Marekani iliomba Mexico ilete wafanyakazi wa mashamba. Mpango ule uliendelea mpaka 1964, mikataba zaidi ya milioni nne ikasainiwa, na watu wale wakaitwa bracero, kutokana na neno lenye maana ya mkono. Mikono iliombwa, na mikono ikaja. Lakini serikali ya Mexico ilikataa kupeleka watu wake Texas. Iliwapeleka majimbo mengine, hapa ikasema hapana, kwa miaka kadhaa, kwa sababu ya jinsi Wamexico walivyokuwa wanatendewa: shule za kutengwa, mikahawa yenye vibao vya kuwakataza wasiingie. Ndipo mwaka 1943 Texas ikaunda tume maalumu na kuiita Tume ya Ujirani Mwema. Fikirini jimbo zima likilazimika kuunda tume ili lifundishwe kuishi na jirani.

Na hata baada ya tume hiyo, mwaka 1949, ikatokea habari ya Felix Longoria. Alikuwa askari wa Marekani, kijana wa Three Rivers, mji mdogo kusini ya San Antonio. Aliuawa Ufilipino mwaka 1945 akiipigania bendera hii. Mabaki yake yaliporudishwa, mwenye nyumba ya mazishi mjini kwao alikataa ukumbi wake usitumike kwa mkesha, kwa sababu Wazungu wasingependa. Mjane wake hakunyamaza. Daktari Hector P. García alilipeleka jambo hilo mpaka kwa Seneta Lyndon Johnson, na mwisho Longoria akazikwa kwa heshima zote Arlington, makaburi ya mashujaa wa taifa. Wakati huo neno amigo lilikuwa limekaa ndani ya Kiingereza zaidi ya miaka 100.

Ndugu zangu, amigo si neno baya. Nisieleweke vibaya. Mama anayeuza tamale, chakula cha Kimexico cha unga wa mahindi, alfajiri kwenye maegesho akikuita amigo, amekukaribisha, na mara nyingi amekuongezea moja. Mmexico akisema mtu fulani ni amigo wake, anasema mtu ambaye angemkopesha pesa na asimdai mbele za watu. Shida ni pale neno linapotumika kuziba nafasi ya jina.

Nilipofika nchi hii nilifanya kazi jikoni mwa mkahawa mmoja. Msimamizi wetu akiita "amigo!" waligeuka wanaume wanne. Hakuwa mkali, na sidhani alikusudia ubaya. Alijua kila kifaa cha jikoni kilipo na kila sahani inavyopangwa. Lakini mzee mmoja wa Puebla, aliyeosha vyombo pale tangu mimi sijawaza kuja Marekani, jina lake lilitamkwa mara moja kila wiki mbili, siku ya malipo, kwa sababu liliandikwa kwenye bahasha. Mzee huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza jina langu. Nikamwambia, Hamisi. Akalitazama kwenye beji yangu akasema, "Amisi," maana kwa Kihispania herufi H haina sauti. Nikarudia. Akafikiri, akakata kipande cha boksi la nyanya, akaandika kwa kalamu ya kuwekea alama: Jamisi. J yao ndiyo H yetu. Akakisoma tena na tena, "Hamisi, Hamisi," mpaka likakaa sawa, akakibandika juu ya sinki lake. Tangu siku hiyo hakuniita amigo. Kwa hiyo akina Juma mliomo humu msikasirike mkiitwa Huma. Ni kusoma tu, na kunarekebishika kwa mwenye nia.

Na sisi je? Tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole. Wareno walikaa pwani yetu miaka 200, tangu Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498 mpaka Fort Jesus ilipoanguka mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso, karata, mvinyo, kasha na foronya, na kanisa lao, igreja, likageuka kwetu kuwa gereza. Amigo wao hatukulichukua, ingawa Malindi ilikuwa mshirika wao wa karibu. Neno la rafiki tulilitoa kwa Waarabu, ambao kwao ni mwenza wa safari, mtu mnayekula naye njiani na kulindana usiku. Na Waingereza walipotufikia walichukua kwetu safari, bwana, askari na boma. Mtu akitazama maneno hayo manne anaona jinsi walivyokaa nasi: nani alitembea, nani aliitwa bwana, nani alishika bunduki, nani alikaa ndani ya uzio.

Lakini neno rafiki lenyewe tumelifanyaje? Nendeni fukwe za watalii, nendeni Nungwi, nendeni Diani. Mtalii hajamaliza kushuka kwenye gari, papasi, kijana anayewinda watalii, ameshamwita: "Jambo rafiki!" Ni vijana wetu, wanatafuta riziki, siwalaumu kwa njaa yao. Ila neno lile tukufu limegeuzwa ndoano, na mtalii naye akishalijifunza anamwita rafiki kila mtu mweusi anayemwona, mwaka hata mwaka, bila kujua jina la mtu aliyembebea mizigo. Ni jambo lilelile la jikoni kwetu, limevaa kanzu.

Ndiyo maana nimewaletea habari hii siku ya Kiswahili. Watu wengi wa jumuiya yetu hapa wamekaa na Wamexico miaka mingi ukuta kwa ukuta. Tunapanda gari moja kwenda kazini, watoto wanasoma darasa moja, na bado nasikia humu ndani tukisema "yule amigo wa chini", "amigo mwenye gari jekundu". Tumelichukua neno kama walivyolichukua wa mwaka 1837.

Mnakumbuka tulipofiwa na ndugu yetu wa Uvira na ikawa mwili usafirishwe. Tulichanga, haikutosha, tukachanga tena. Jumamosi ile nje ya kanisa nani alisimama juani tangu asubuhi, na moshi machoni, akichoma nyama na kuuza sahani kwa sahani ili pesa zitimie? Ni desturi yao wanapofiwa wao. Waliitumia kwa msiba wetu bila kuombwa. Baadhi yao wamekaa pale nyuma. Naomba wasimame. Na mimi nawataja kwa majina yao yote mawili, taratibu, kwa kuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima.

[Msemaji aliwataja majirani mmoja mmoja, na ukumbi ukasimama.]

Ahsanteni. Kaeni.

Ombi langu ni moja na halina gharama kubwa. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, chumba hiki kitakuwa wazi. Saa ya kwanza majirani watatufundisha Kihispania, saa ya pili sisi tutawafundisha Kiswahili. Akina mama wa Bukavu wamekubali kuanza na salamu na majina ya vyakula, na mzee wetu wa Tanga atafundisha shikamoo, pamoja na nani humwamkia nani. Watoto waje, maana watajua kabla yetu. Daftari la kujiandikisha liko kwenye meza ile karibu na sufuria za pilau. Kila mmoja aandike jina lake kamili, na pembeni aliandike kwa jinsi ambavyo jirani atalisoma sawasawa. Mkikwama kwenye H na J, niiteni.